Diski Isiyo na Majina

Mjini Newala, ukimtafuta Mama Flora huna haja ya kuuliza nyumba. Sikiliza tu kicheko. Kinakotokea kicheko, ndiko aliko.

Jina lake ni Bibiana. Yeye na mumewe, Kasiani, wana studio ndogo ya picha na video karibu na stendi. Kasiani hushika kamera. Bibiana hukaa kwenye kompyuta. Husafisha picha, huunganisha video, huwawekea wateja filamu kwenye fleshi. Na katikati ya hayo yote, anaongea. Benchi la studio halikauki watu. Wengine wamefuata picha. Wengine hawana shida yoyote, wamekuja kusikia ya mjini.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, baridi ya Newala ilikuwa imekaza. Bibiana alivaa sweta la mumewe. Benchini alikaa Brigita, jirani muuza mitumba, na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Wewe Brigita, Jumapili pale Chilangala nimeaibika," Bibiana alianza. "Vijana wa jando wametolewa. Kumi na wanne! Wamekalishwa mkekani, mstari mmoja. Mashati meupe wote. Miwani myeusi wote. Vichwa chini wote. Utamjua nani?"

"Si ungeuliza?"

"Nimeuliza! Nurdin mwenyewe kaniambia, mwanangu Mahmudu ni wa tatu kutoka mlangoni. Haya. Nikatoka na kitenge changu kipya cha kumtunza. Nikacheza, nikacheza, hadi kwa wa tatu. Nikamfunika. Nikapiga vigelegele. Kumbe kuna mmoja alichelewa. Wamemleta, wamemkalisha mwanzo wa mstari. Wote wamesogea nafasi moja!"

"Kwa hiyo wa tatu..."

"Mtoto wa watu nisiowajua! Shangazi zake wamenikumbatia, wananiita wifi. Ningempokonya vipi?"

Brigita alicheka hadi chai ikampalia.

Sherehe hiyo Kasiani aliirekodi yote, mwanzo hadi mwisho. Video ingeoneshwa Jumamosi nyumbani kwa Nurdin, Chilangala. Familia kumi na nne zilikuwa zinaisubiri. Lakini aliyeisubiri kuliko wote ni bibi yake Mahmudu. Bibi huyu ndiye aliyemlea Mahmudu tangu ananyonya. Siku ya sherehe alikuwa kitandani, mguu umevunjika. Alisikia ngoma tu, kwa mbali. Kasiani alimwinamia akamwambia: "Bibi, utaona yote. Nakuahidi."

Kijana hatolewi jando mara mbili. Video hiyo ikipotea, hakuna nyingine. Nayo ilikuwa ndani ya kompyuta ya studio.

Sasa tuitazame kompyuta hiyo kidogo. Ndani ya kompyuta kuna diski. Humo ndimo vitu vyote hukaa. Diski moja inaweza kugawanywa, mfano wa nyumba yenye vyumba. Mafundi huviita vyumba hivyo patisheni. Bibiana alivijua vyumba vyake kwa herufi. C ni cha mitambo ya kompyuta yenyewe. D ni cha kazi za wateja. E ni cha filamu. Hakuna chumba kilichoandikwa jina. Miaka mitatu amefanya kazi hivyo, na hajawahi kukosea.

Lakini Jumatatu, kompyuta iligoma kuwaka. Kasiani aliifunga kwenye pikipiki akaipeleka Masasi kwa fundi. Fundi aliweka programu upya. Akaongeza na diski ya pili ndani, ili nafasi iwe kubwa. Jumanne wakati wa kuondoka, fundi alimwambia Kasiani mambo mawili. La kwanza: "Chumba cha filamu kimejaa virusi, kifuteni chote." La pili: "Herufi zimesogea, muwe macho."

La kwanza Kasiani alifika nalo Newala. La pili lilidondoka njiani.

Jumatano asubuhi alikwenda Lupaso kurekodi harusi. Ilipofika saa nne alimpigia simu mkewe.

"Mama Flora, kabla hujaanza kazi, futa chumba cha filamu. Kina virusi. Ile E."

"E yote?"

"Yote. Fundi kasema."

Bibiana alipeleka kipanya kwenye E. Akachagua kufomati, yaani kufuta chumba chote. Kompyuta ikauliza: una hakika? Vitu vyote vitafutika.

Sasa, Bibiana ana tabia moja. Kompyuta ikimuuliza kitu, hujibu ndiyo. Anaiona kama mgeni anayepiga hodi, na kwake mgeni hakatazwi. Hata hakusoma. Aliigeuzia kompyuta kisogo ili ammalizie Brigita habari ya kitenge, na mkono ukabonyeza.

Sekunde tano, kazi imekwisha.

Alipogeuka, alifungua D aanze kuunganisha video ya Chilangala. D ilikuwa tupu.

"Mbona patupu?" alisema.

Akaona kuna F. Hajawahi kuwa na F. Akaifungua. Filamu zote zilikuwa humo, zimetulia na virusi vyake.

Akahesabu kwa vidole. Kama D ni chumba kipya, na F ni filamu, basi E aliyoifuta ni...

Alishika simu.

"Baba Flora, kadi ya kamera unayo?"

"Ninayo."

"Mambo ya Chilangala yamo?"

"Nimeyafuta leo asubuhi, nipate nafasi ya harusi. Bibi harusi ndiyo anaingia. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Msalimie bibi harusi."

Akakata simu, akaiweka mezani.

"Kuna nini?" Brigita aliuliza.

"Hakuna."

Brigita aliweka kikombe chini. Kwa miaka yote hajawahi kupewa jibu la neno moja na mwanamke huyu. Alinyanyuka taratibu, akatoka. Saa sita haijafika, stendi nzima ilikuwa na habari: Mama Flora anaumwa.

Watu wakaanza kuja. Mmoja alileta uji wa ulezi. Mwingine alileta malimau. Mama mmoja mtu mzima alimshika shingo, akambonyeza huku na huku.

"Ni koo," alisema. "Limefanya kazi sana hili. Lazima lichoke."

Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, hata wao walishangaa limedumu vipi.

Bibiana alimeza uji akanyamaza. Kufutika kwa video ndiyo habari kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na hakuweza kumwambia mtu. Ilimkaa kifuani. Mteja mmoja alitaka kuchomeka fleshi yake ili awekewe nyimbo. Bibiana alimtazama kwa jicho ambalo mteja yule hatalisahau. Mteja alirudi nyumbani bila nyimbo.

Alhamisi asubuhi alikuja Nurdin, baba yake Mahmudu. Alibeba jogoo kwapani.

"Hodi, Mama Flora. Nimesikia unaumwa kidogo."

"Karibu, Baba Mahmudu. Naendelea."

"Huyu jogoo ni wako. Bibi kasema hawezi kupokea video mikono mitupu. Tena nakuomba nione kidogo tu. Dakika moja. Nikamwambie nimeona."

Bibiana aliikinga kompyuta kwa mgongo wake.

"Video iko jikoni, Baba Mahmudu. Haijaiva."

Nurdin aliitikia kwa heshima. "Sawa. Mambo ya kitaalamu haya. Basi nitamwambia inapikwa. Ameshahamishiwa kitanda, kiko mlangoni pa sebule. Ameazima na miwani kwa jirani, asikose kitu."

Alipoondoka, Bibiana alilia. Jogoo alimtazama.

Siku hiyo jioni alikuja Mwalimu Wilhelmina. Mwalimu huyu ni mtu wa Bukoba. Serikali ilimpangia Newala, akakaa, akazoea hata baridi. Anafundisha kompyuta sekondari na amepanga nyumba ya jirani. Alileta machungwa.

"Pole, Mama Flora. Naambiwa koo."

"Si koo, Mwalimu." Bibiana alichungulia nje. "Funga mlango."

Mlango ulipofungwa, alisema yote. Yalitoka kama maji ya bomba siku ya zamu, kwa kasi na povu. Alisema ya E, ya F, ya kadi ya kamera, ya bibi na miwani ya kuazima. Mwalimu Wilhelmina alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Tangu ulipofuta, umehifadhi kitu chochote kwenye kile chumba?"

"Hapana. Wateja nimewafukuza. Nimekaa tu nalia."

"Umefanya vizuri sana. Machozi hayaandiki kitu kwenye diski."

Bibiana alifuta pua. "Kwa hiyo yapo?"

"Huenda yapo. Ulifuta kwa njia ya haraka. Hapo kompyuta haichomi vitu. Inachana orodha tu. Chukua mfano wa darasa langu. Daftari la mahudhurio likipotea, wanafunzi bado wamekaa mle ndani. Ila nikileta wanafunzi wapya nikawakalisha madawati yale yale, wa zamani wataondoka kweli. Ndiyo maana mtu akifuta kwa bahati mbaya, aache hapo hapo. Asiongeze hata picha moja. Amwite anayejua."

"Watarudi wote?"

"Siwezi kukuahidi. Kuna siku wanarudi wote, kuna siku nusu, kuna siku hakuna. Tujaribu."

Mwalimu alifuata fleshi kwake. Ndani yake kulikuwa na programu ya kutafuta vitu vilivyofutwa. Akaichomeka, akaielekeza ipekue E.

"Vitakavyopatikana tutaviweka D, kwenye diski mpya," alisema. "Usirudishe vitu kwenye chumba kile kile unachokipekua. Utavikalia."

Programu ikaanza kuhesabu. Asilimia moja. Muda mrefu. Asilimia mbili.

"Itachukua hadi kesho," Mwalimu alisema, akamenya chungwa. "Sasa niambie. Ulijuaje kwamba E ni filamu?"

"Siku zote E ni filamu."

"Na Mahmudu ulijuaje ni wa tatu?"

Bibiana aligeuka kumtazama.

"Ya kitenge umeisikia?"

"Newala nzima imeisikia. Wewe ndiye uliyeitangaza."

"Lakini pale ningefanyaje, Mwalimu? Kijana wa jando haongei. Na hana jina kifuani."

"Hilo ndilo. Hata vyumba vyako havikuwa na majina. Herufi ni nafasi ya kukaa tu. Imekuja diski mpya, imekaa D. Cha kazi kimesogea E. Cha filamu kimesogea F. Herufi inaweza kubadilika ukiongeza diski au ukiweka programu upya. Lakini jina linaandikwa ndani ya patisheni yenyewe. Diski hii ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine, hata Dodoma, herufi inaweza kuwa nyingine. Jina litabaki lile lile."

"Kumbe unaweza kukipa jina?"

"Ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya chumba. Umeona 'badili jina'? Haya, anza na hicho cha filamu."

Bibiana aliandika: FILAMU. Akatazama. Kweli, kando ya F sasa palisomeka FILAMU. Alifurahi hadi machozi yakakauka. Akarukia E.

"Hapana!" Mwalimu alimshika mkono. "Hicho tunakipekua. Hata jina ni maandishi. Subiri tumalize."

"Nilitaka kuandika KAZI ZA WATEJA HASA VIDEO YA CHILANGALA YA MAHMUDU WA NURDIN."

"Hilo haliingii. Jina, Mama Flora, siyo habari. Neno moja au mawili, linalosema kilichomo."

Nje ya mlango kitu kilianguka, kikasikika kikombe. Bibiana alifungua. Brigita alikuwa ameinama, anaokota.

"Nilikuja kumjulia hali mgonjwa," alisema Brigita.

"Tangu lini?"

"Tangu asilimia mbili."

Wakamkaribisha ndani, wakamwapisha. Inasemekana alitunza siri hadi kesho yake, jambo ambalo halijatokea tena.

Ijumaa asubuhi programu ilimaliza. Kwenye D kulikuwa na mafaili mia nne na kitu. Lakini yamepoteza majina yake. Moja, mbili, tatu, nne, yamepangwa kwa namba tu. Ikabidi wayafungue moja moja. Wakaona picha za pasipoti. Wakaona harusi ya Nanganga ya mwaka jana. Wakaona mbuzi wa mtu. Mwalimu aliomba ruhusa ya kipindi cha pili, akarudi kwa mbio. Brigita alifunga biashara. Waliokuja kumjulia hali mgonjwa walikaa benchini wakatazama nao, na benchi likajaa hadi mlangoni.

Faili la mia mbili na kumi na saba lilianza na giza. Kisha ikasikika ngoma.

Benchi zima liliinuka. Picha ikatokea. Mkeka. Mashati meupe. Miwani myeusi.

Bibiana alipiga kigelegele ambacho kilisimamisha bodaboda nje.

Wakati huo huo Kasiani aliingia, vumbi la Lupaso mwili mzima.

"Mbona watu wamejaa? Kuna msiba?"

"Ulisema futa ipi?" Bibiana aliuliza.

"E."

"E imekuwa kazi! Filamu ziko F! Nimefuta Chilangala yote!"

Kasiani alitafuta pa kukaa, hapakuwa na nafasi. Akakaa chini. Polepole lile jambo la pili likamrudia.

"Fundi alisema," alinong'ona. "Alisema herufi zimesogea."

Bibiana alimgeukia mumewe. Kisha sauti yake ikarudi yote kwa pamoja. Stendi nzima ilijua kwamba Mama Flora amepona.

"Na wewe ulibonyeza bila kusoma!" Kasiani alijitetea.

"Niliambiwa E!"

"Wote wawili," Mwalimu Wilhelmina alisema kwa sauti ya darasani. "Mmoja alitaja herufi badala ya jina. Mwingine hakusoma wala hakufungua kuona. Na wewe, Baba Flora, ulifuta kadi ya kamera wakati kazi ilikuwa mahali pamoja tu. Kazi ya mtu iwe sehemu mbili kwanza. Ndipo ufute kadi."

"Ndiyo, Mwalimu," walisema wote wawili, na Brigita pia, ingawa hakuwa na kamera.

Walikagua mafaili yote. Kipande kimoja tu hakikupatikana, cha foleni ya chakula. Hakuna aliyekililia. Ndipo wakamalizia majina. C ikawa MITAMBO. Diski mpya ikawa AKIBA. E ikawa KAZI. Video ya Chilangala ilikaa AKIBA, nakala yake ikarudi KAZI, na nyingine ikaingia kwenye fleshi. Nayo fleshi ikapewa jina: JANDO.

Zilibaki filamu zenye virusi. Kasiani alikaa kwenye kiti. Bibiana alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Soma jina."

"FILAMU."

"Ukubwa wake?"

"Giga mia tatu."

"Kweli, cha filamu ndicho kikubwa. Fungua tuone ndani."

Kasiani alifungua. Ni filamu peke yake, mstari hadi mstari.

"Haya. Futa."

Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Kasiani aliisoma sentensi yote kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mashahidi. Ndipo akabonyeza.

Jumamosi saa kumi jioni walikuwa Chilangala. Televisheni iliwekwa sebuleni, ikatazama mlango. Bibi alikuwa kitandani kwake mlangoni, mguu juu ya mto, miwani ya kuazima puani. Mahmudu alikaa ukingoni mwa kitanda. Ua lilijaa. Mwalimu Wilhelmina alipewa kiti cha mbele bila watu wa pale kuambiwa sababu.

Bibiana alipekua mkoba wake. Mlikuwa na fleshi tatu, zote nyeusi. Alizichomeka moja moja. Ya kwanza ilisomeka NYIMBO. Akaitoa. Ya pili ilisomeka JANDO. Hapo akabonyeza.

Bibi alisogeza kichwa mbele. Alitazama kijana akitolewa, akioshwa miguu, akivishwa. Mkono wake ulitafuta mkono wa Mahmudu, ukaushika. Mwishoni alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Asanteni," alisema. "Sasa na mimi nilikuwepo."

Nurdin alisimama kutoa shukrani. "Tunamshukuru Mama Flora, ametengeneza kazi hii akiwa mgonjwa."

Bibiana alimtazama mumewe. Kasiani alitikisa kichwa: usiseme. Alitikisa tena. Lakini siku tatu za kunyamaza ni nyingi. Bibiana akasimama, akasimulia yote. Alisimulia ya simu, ya E, ya uji wa ulezi, ya jogoo na ya faili la mia mbili na kumi na saba. Watu walishika vinywa, kisha wakacheka hadi wakajishika mbavu. Karani wa chama cha msingi cha wakulima alikuwa pale. Ofisini kwake ana kompyuta yenye vyumba vinne, na hakuna chenye jina. Hakucheka. Aliazima kalamu, akaandika maelezo ya Mwalimu kwenye kiganja. Jumatatu alikuwa wa kwanza benchini pale studio, akitaka kuoneshwa.

Bibi alikuwa anafikiri.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mjukuu wangu alikuwa amefutika?"

"Alifutika, bibi," Bibiana alikiri. "Tangu Jumatano hadi jana asubuhi."

"Na mimi nimekutumia jogoo."

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Bibi alimpapasa Mahmudu kichwani, kuhakikisha yupo. Kisha akaegemea mto. "Nirudishieni mwanzo, nitazame tena. Lakini hiyo rimoti, mwanangu, mpe Mwalimu."